Kutoka Fungua hadi Funguka: Uhakiki wa Komeo Linalojiendesha katika Kiini cha Linux, kwa Msomaji wa Arua na Koboko

Ikisiri

Mwaka 2023 kiini cha Linux kilipokea faili dogo la makro linalowezesha komeo lililofungwa na msimbo kufunguka lenyewe pindi utekelezaji unapotoka nje ya mawanda yake. Makala haya yanalihakiki faili hilo kama matini, kwa kutumia jozi ya kisarufi ambayo Kiswahili kinayo tayari: kauli ya kutendua na kauli ya kutenduka. Yanadai kwamba istilahi ya kufuli, ambayo ndiyo inayojitokeza kwanza, inampotosha mwanafunzi, na kwamba ubora na udhaifu wa mbinu hii mpya huonekana vizuri zaidi mtu akianza na komeo.

Utangulizi

Kiswahili kilifika magharibi mwa Mto Nile kupitia kambi za jeshi na masoko. Serikali ya Idi Amin ilipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, watu wa Koboko walikuwa wamekwisha kukisikia kwa askari waliorudi likizoni na kwa wafanyabiashara waliovuka kwenda Aru na Ariwara. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo, hakuna tamko kati ya hayo lililogusa chumba cha kompyuta. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa Arua mwaka 2013 na kuweka teknolojia ya habari mbele tangu mwanzo, hufundisha kwa Kiingereza kama vyuo vingine vya nchi hiyo. Kiswahili huingia kwa mlango wa nyuma: mwanafunzi wa Kilugbara anapomweleza mwenzake wa Kikakwa jambo ambalo mhadhiri amelipitia haraka, au fundi wa simu anapojadiliana na mteja aliyetoka upande wa Kongo.

Mlango huo wa nyuma unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kazi ya kuunda istilahi imeishia kwa muda mrefu kwenye uso wa mashine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulitafsiri menyu, vitufe na ujumbe wa makosa. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini kiini chenyewe, yaani programu inayogawa kumbukumbu na muda wa mashine kwa programu nyingine zote, hakikuguswa, ingawa ndicho kinachoendesha kila simu ya Android inayofunguliwa kwa bisibisi katika vibanda vya Arua. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili kina neno la kuhifadhi faili na hakina mjadala wa namna mashine inavyozuia michakato miwili isiliharibu faili hilo kwa wakati mmoja.

Kufuli au komeo?

Neno linalomjia mtu kwanza anapotafuta jina la kizuizi hicho ni kufuli. Lina faida zake: limezoeleka kote Afrika Mashariki, na mzizi wake wa Kiarabu hauwi mgeni kabisa masikioni mwa wasemaji wa Kinubi na Kiarabu cha Juba walioko Koboko. Tatizo ni picha inayoletwa na neno hilo. Kufuli hufungwa na mwenye mali anapoondoka. Mwenyewe yuko mbali, ufunguo uko mfukoni, na ndani hamna mtu. Mwanafunzi aliyebeba picha hiyo ataamini kwamba kazi ya kufuli ndani ya kiini ni kulinda kitu kisichotumika, na kwamba yeyote mwenye ufunguo anaweza kulifungua. Yote mawili ni makosa.

Hali halisi ya kiini inafanana zaidi na bafu la pamoja nyuma ya vyumba vya kupanga. Anayeingia hukomea mlango kwa ndani. Wengine husubiri nje na ndoo zao. Komeo halina ufunguo; lina mtu aliye ndani, na mtu huyo peke yake ndiye anayeweza kulifungua. Ikitokea akatoka kwa kuruka ukuta, mlango utabaki umekomewa na foleni itasimama mpaka ukuta ubomolewe. Hivyo ndivyo mashine inavyokwama: mchakato mmoja umeshika komeo, umepata hitilafu katikati ya kazi, umeondoka kwa njia ya pembeni bila kulifungua, na kila mchakato unaofika mlangoni baada yake unasubiri bila kikomo. Mtumiaji wa simu huona skrini iliyoganda tu. Fundi huizima na kuiwasha, na kwa kuwa komeo la aina hii huishi katika kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, tiba hiyo hufaulu, na chanzo cha ugonjwa hakitafutwi.

Kwa hiyo makala haya yanatumia komeo. Si jina jipya, na halihitaji kamati.

Enzi ya fungua

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, haina namna yoyote ndani yake ya kujua kwamba kufunga na kufungua ni jozi. Kwa kompaila, mutex_lock na mutex_unlock ni fanksheni mbili zenye majina yanayofanana kwa bahati. Hapa ndipo Kiswahili kinapompa mhakiki chombo. Kauli ya kutendua hujenga kitenzi cha pili juu ya mzizi wa kwanza: funga huzaa fungua, tega huzaa tegua, ziba huzaa zibua, chomeka huwa na chomoa. Msikilizaji akisikia tegua anajua kwamba palikuwa na mtego. Uhusiano umo ndani ya neno lenyewe, wala hautegemei kumbukumbu ya msemaji. Katika C ya kawaida uhusiano huo ulitegemea kumbukumbu ya msemaji tu.

Waandishi wa kiini walijiwekea desturi ya kufidia upungufu huo. Mwongozo wao wa mtindo wa kuandika unapendekeza njia moja ya kutokea kwa fanksheni inayohitaji usafi kabla ya kurejea, na kila kosa huruka kwenda hapo kwa amri ya goto. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya:

    static int soma_kipimo(struct kifaa *k, int *jibu)
    {
        int kosa = 0;

        mutex_lock(&k->komeo);
        if (!k->tayari) {
            kosa = -ENODEV;
            goto toka;
        }
        *jibu = k->kipimo;
    toka:
        mutex_unlock(&k->komeo);
        return kosa;
    }

Goto imelaaniwa katika vitabu vingi vya kufundishia, na mwanafunzi aliyetoka darasani huishangaa hapa. Mshangao huo hauna msingi. Katika msimbo wa kiini goto hii ni ya uadilifu: huelekea mbele daima, huelekea mahali pamoja, na humwonyesha msomaji wazi kwamba kufungua kumetendwa na nani na wapi. Udhaifu wake uko kwingine. Fanksheni ikishika vitu vinne kwa mfuatano, inahitaji vituo vinne vya kutokea kwa mfuatano uliogeuzwa, na mtu anayeongeza kitu cha tano miaka sita baadaye lazima akumbuke kuongeza kituo cha tano mahali pake. Akikosea kwa mstari mmoja, msimbo unakubaliwa na kompaila, unapita majaribio, na unakwama siku kifaa kitakapokosa kuwa tayari. Njia za makosa ndizo zisizojaribiwa, kwa sababu makosa hayaji kwa kuitwa.

Enzi ya funguka

Kompaila ya GCC ilikuwa na dawa kwa takriban miaka ishirini kabla haijatumika katika kiini: sifa inayobandikwa kwenye kigeu, ikiagiza fanksheni fulani iitwe kigeu hicho kinapotoka nje ya mawanda yake. Programu nyingine za C ziliitumia mapema, na lugha ya C++ ilikuwa na wazo la aina hiyo tangu zamani. Kiini kilisubiri. Mwaka 2023 Peter Zijlstra alitoa viraka vilivyozaa faili la include/linux/cleanup.h, lililoingia katika toleo la 6.5 lililotolewa Agosti mwaka huo. Katika toleo hilohilo liliondolewa onyo la zamani lililomkataza mwandishi kutangaza kigeu baada ya amri. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo la usafi, lakini bila hatua hiyo mbinu yote isingewezekana, kwani kigeu kinachobeba komeo lazima kizaliwe pale komeo linapofungwa.

Mfano wa awali sasa huandikwa hivi:

    guard(mutex)(&k->komeo);
    if (!k->tayari)
        return -ENODEV;
    *jibu = k->kipimo;
    return 0;

Kitenzi cha kutendua kimetoweka kwenye ukurasa. Kilichotokea ni kwamba makro ya guard imetangaza kigeu kisicho na jina la kutumika, imefunga komeo wakati wa kukizalisha, na imekibandika sifa ya usafi. Kompaila basi huingiza wito wa mutex_unlock katika kila njia ya kutoka, iwe return ya kwanza, ya pili, au ya kumi itakayoongezwa na mgeni. Kuna tunu nyingine ndani yake isiyotajwa sana: maneno yaliyo mbele ya return huthaminiwa kabla komeo halijafunguka. Kwa hiyo fanksheni yaweza kurejesha thamani iliyosomwa chini ya ulinzi bila kuinakili kwanza kwenye kigeu cha muda.

Sarufi ya Kiswahili ina jina la hali hii. Fungua humtaka mtenda: askari amefungua lango. Funguka humwacha mtenda nje ya sentensi: lango limefunguka. Kauli ya kutenduka haidai kwamba hakuna aliyetenda. Inasema tu kwamba sentensi haikumtaja. Goto ni msimbo wa fungua. Guard ni msimbo wa funguka. Mabishano yote yaliyofuata miongoni mwa waandishi wa kiini yanaweza kusomwa kuwa mabishano kuhusu iwapo mtenda afichwe.

Kabla ya kufika huko, sharti sehemu bora ya mbinu itajwe, nayo ni mstari usioonekana na mtumiaji:

    DEFINE_GUARD(mutex, struct mutex *, mutex_lock(_T), mutex_unlock(_T))

Huo ni mstari wa kamusi. Mara moja tu, mahali pamoja, unatamka kwamba kitendo hiki kinatenduliwa na kitendo kile. Jozi ambayo C haikuwa nayo, na ambayo Kiswahili kinayo ndani ya mzizi, sasa imeandikwa. Kama mbinu yote ingekuwa na thamani moja tu, ingekuwa hii, na inashangaza kwamba maelezo mengi ya mbinu hii huanza na guard na kuufikia mstari huu mwishoni.

Mfuatano na makabidhiano

Vitu vilivyofungwa kwa namna hii hufunguka kwa mfuatano uliogeuzwa wa kutangazwa kwake. Avaaye kanzu kisha koti huvua koti kwanza. Kanuni hii ni rahisi mpaka mwandishi anapoleta tabia ya zamani ya kutangaza vigeu vyote juu ya fanksheni vikiwa NULL. Tuseme kielekezi kimetangazwa juu kwa sifa ya __free, kisha komeo likafungwa chini yake, kisha kielekezi kikapewa kitu. Wakati wa kutoka komeo litafunguka kwanza, kwa kuwa lilitangazwa mwisho, na kitu kitaharibiwa bila ulinzi, hata kama uharibifu huo ulihitaji komeo. Macho hayaoni kosa, maana kila mstari peke yake ni sahihi. Maelezo yaliyoongezwa kwenye faili na Dan Williams mwaka 2024 yanaonya juu ya jambo hili hasa, na kushauri kigeu kitangazwe na kupewa thamani katika kauli moja. Yanashauri pia goto na usafi wa kujiendesha visichanganywe katika fanksheni moja. Sababu ya ushauri wa pili huonekana goto inaporuka juu ya tangazo na kutua ndani ya mawanda yake: usafi utafanyika kwa kigeu ambacho hakikuwahi kupewa thamani. Kompaila ya Clang hukataa mruko huo. GCC hunyamaza.

Maelezo hayo ni maandishi mazuri ya kiufundi, na kasoro yake ni kuchelewa. Faili liliishi kwa muda likiwa na mifano michache tu, wakati waandishi wa viendeshaji walikuwa wamekwisha kuanza kubadilisha msimbo wa zamani.

Suala la makabidhiano linaeleweka kwa urahisi kwa yeyote anayeijua barabara ya kilomita 92 itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba. Kontena linalopita Uganda kwenda Sudan Kusini hufungwa sili ya kielektroniki na kuwekewa dhamana ya forodha. Likifika kituo cha kutokea, sili huondolewa na dhamana hufungwa kwenye vitabu. Shehena yenyewe haiharibiwi mpakani. Inaendelea na safari chini ya mamlaka nyingine. Kielekezi chenye __free ni shehena iliyoamriwa kuteketezwa mpakani. Fanksheni inapotaka kuitoa salama kwa aliyeiita, lazima itangaze makabidhiano kwa no_free_ptr au return_ptr, ambazo hukiacha kigeu cha ndani kikiwa kitupu ili usafi usikute cha kuharibu. Anayesahau tangazo hilo humkabidhi mwitaji anwani ya kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Hapa mbinu mpya imegeuza aina ya kosa. Zamani kusahau kulileta uvujaji, yaani kumbukumbu isiyorudishwa. Sasa kusahau huleta matumizi ya kitu kilichokufa, ambalo ni kosa baya zaidi, ingawa hujitokeza mapema zaidi katika majaribio kwa kuwa liko kwenye njia ya mafanikio.

Pingamizi la wanamtandao

Wasimamizi wa sehemu ya mtandao wa kiini hawakuipokea mbinu hii kwa shangwe. Mwongozo wao unasema wana mashaka na ahadi za usafi wa kujiendesha. Unakatisha tamaa matumizi ya guard katika fanksheni inayozidi mistari 20, unaiona scoped_guard kuwa ya kusomeka zaidi, na unaendelea kupendelea, japo kwa upole, kufunga na kufungua kwa kawaida.

Ni rahisi kuuita uhafidhina. Kuna hoja nzito ndani yake hata hivyo. Mawanda ya guard huanzia pale ilipotajwa na kuishia kwenye bano la kufunga la bloku iliyomo, ambalo mara nyingi ni bano la mwisho la fanksheni. Mtu akija baadaye na kuongeza mistari mitatu mwishoni, ameiweka chini ya komeo bila kujua. Ikiwa komeo hilo ni la aina ya kuzunguka, ambalo mshikaji wake haruhusiwi kulala, na mmoja wa mistari hiyo unaita fanksheni inayoweza kulala, hitilafu imezaliwa bila neno lolote lililohusu komeo kubadilika. Katika enzi ya fungua, mstari wa mutex_unlock ulikuwa mpaka ulioonekana, na mgeni angeongeza kazi yake baada yake. Kufichwa kwa mtenda kumefuta alama ya mpaka.

Scoped_guard hurudisha alama hiyo. Hubeba bloku yake yenyewe, kwa mabano yake na ujongezo wake, na komeo hufunguka bloku inapoisha. Mtenda bado hajatajwa, ila ua wake unaonekana. Kwa mwanafunzi anayeanza, na kwa mwalimu anayetaka kueleza kwa Kiswahili kinachotokea, ni umbo bora kuliko guard tupu, na kanuni ya mistari 20, ambayo idadi yake haina hesabu yoyote nyuma yake, ina busara ya mtu aliyesoma viraka vingi usiku. Palipo na fanksheni fupi yenye njia tano za makosa, guard inashinda bila ubishi. Wanamtandao wanakosea wanapopendelea namna ya zamani kwa jumla, kwa sababu kosa la kusahau kufungua limekuwa la kudumu katika historia ya kiini kuliko kosa la kupanua mawanda. Hawakosei wanapodai msomaji aone mpaka.

Jina lake

Limebaki tatizo la jina, na hapa Kiswahili kinatega mitego yake. Kutafsiri guard kuwa mlinzi au askari hakufai. Askari wa Arua hukaa langoni usiku kucha na huuliza wanaoingia. Guard haimuulizi mtu, na haiko langoni. Komeo la kujifungua lingeeleweka, lakini kila msikilizaji atafikiria kwanza chumba cha wazazi hospitalini. Komeo la kujikomoa ni sahihi kwa mzizi, kwani komea huzaa komoa, ila kumkomoa mtu ni kumtendea ukatili wa makusudi, na darasa zima la Dar es Salaam litacheka kabla ya somo kuanza. Kicheko hicho huenda kisisikike Koboko, ambako matumizi hayo hayajaenea kwa kiwango hicho, lakini istilahi isiyovuka mpaka wa Mutukula haina maana kubwa.

Komeo funguki ndilo linalopendekezwa. Linachukua kauli ya kutenduka kama ilivyo na kuifanya kivumishi, kwa njia iliyozaa sikivu na danganyifu, hata kama kiambishi si kilekile. Mzungumzaji wa Kilugbara, ambacho ni cha kundi la Sudani ya Kati, au wa Kikakwa, ambacho ni cha Kinailoti cha Mashariki, hana kwao kanuni hii ya Kibantu, kwa hiyo jozi ya fungua na funguka ni jambo atakalojifunza kama kanuni. Hiyo yaweza kuwa nafuu badala ya kikwazo. Mwanafunzi aliyelelewa na Kiswahili hutumia funguka bila kuuliza nani amefungua. Yule wa Arua amelazimika kuuliza alipokuwa akijifunza sarufi, na atakapokutana na guard(mutex) katika msimbo wa kiendeshaji, swali hilo ndilo atakalohitaji kulijibu: amefungua nani, na kwenye bano gani.